Aliyechoka Hazikwi

Usiku ule nililala na hasira tumboni, kama mtu aliyelala na njaa. Jioni yake, kabla ya magharibi, wifi yangu Zuhura alikuwa amekuja kwangu kwa miguu, kajifunika khanga mpaka puani kama anayetoka msibani. Akakaa pale mlangoni bila kuvua ndara. Nikajua ana neno.

"Wifi," akaniambia, "kaka yako amekubaliana na yule mtu wa matofali. Kesho asubuhi wanaanza kuchimba."

"Wanachimba wapi?"

"Shamba la Bibi."

Nilikuwa nachambua mchicha. Niliendelea kuchambua, nikatupa majani mazuri na kuweka mabovu sufuriani, nisijue nafanya nini.

"Anasema udongo ule umekufa," Zuhura akaendelea. "Anasema kama hautoi mahindi, basi utoe matofali. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Na yeye mwenyewe hali siku hizi, wifi. Anamega matonge mawili, ananawa."

"Asile," nikamwambia. "Bibi naye alikufa hajala."

Zuhura aliinuka. Alijifunga khanga yake vizuri akaniaga, akashika njia ya kwao.

Ili ndoto yangu ieleweke, sina budi kusema kwanza habari za shamba lile. Mimi na kaka yangu Mbwana tulilelewa na Bibi, mama yake mama. Mama alifariki tungali wadogo, mimi hata sura yake siikumbuki. Shamba la Bibi liko huku kwetu chini ya milima ya Usambara, kwenye mteremko, udongo mwekundu. Bibi hakupanda kitu kimoja peke yake hata mara moja. Mahindi yalisimama, kunde zilitambaa chini zikafunika ardhi isichomwe na jua, na mbaazi zilikua polepole katikati yao kama mtoto asiye na haraka. Tukivuna mahindi, mbaazi ndiyo kwanza zinajitanua. Miezi ambayo wenzetu walikuwa wanakula vya kununua, sisi tulikaa uani tunamenya mbaazi mbichi mpaka kucha zinakuwa kijani.

Majani ya mbaazi yalipopukutika, Bibi alitukataza kuyafagia, na kuyachoma ndiyo kabisa. "Hicho ni chakula cha ardhi," alikuwa akisema. "Ukikichoma umeinyima." Siku moja aling'oa shina la kunde akatuonyesha mizizi yake, imejaa vinundu vidogo kama shanga. Akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama. "Mnaona? Mahindi ni mgeni anayekuja na tumbo. Kunde ni mgeni anayekuja na kikapu."

Bibi alipozeeka, Mbwana akalichukua shamba. Nami nilikuwa nimeshaolewa kijiji cha pili. Mbwana alitaka trekta, na trekta haliwezi kupita katikati ya mbaazi. Akazing'oa zote, akazikusanya, akazitia moto. Siku ile nilikuwepo. Bibi alikaa barazani ameupa moshi mgongo, na hakusema neno mpaka jua likazama.

Mwaka wa kwanza mahindi yalikubali, tena yalikubali kweli. Mbwana akaondoa makuti akaezeka bati, watu wakamsifu. Mwaka uliofuata yakapungua. Uliofuata tena, kikaingia kiduha. Asiyekijua kiduha akikiona atakipenda. Ni kijimea kifupi chenye ua la zambarau, zuri, la kumchumia mtoto. Lakini kabla hujaliona lile ua, chenyewe kimeshajishikiza kwenye mizizi ya mahindi huko chini ardhini, kinanyonya. Mahindi yanadumaa, yanakunja majani kama mgonjwa anayejikunyata. Wakulima wa huku wanajua, kiduha hupenda ardhi yenye njaa.

"Rudisha kunde, mjukuu wangu," Bibi alimwambia. "Rudisha na mbaazi. Hapa pamechoka."

"Bibi, kunde ni mboga," Mbwana akamjibu. "Mboga si zao."

Kisha Bibi akaugua. Nikasema tumpeleke hospitali ya wilaya. Mbwana akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, "Hawa, mzee kachoka. Tumwache apumzike." Bibi akabaki ndani. Siku zake za mwisho hakutaka uji, hakutaka chai. Alitaka kunde, za kuchemsha, zenye chumvi kidogo, basi. Katika shamba lile lote hapakuwa na kunde hata ya dawa. Nilikwenda kuzitafuta sokoni kijiji cha mbali. Niliporudi nazo mkononi, nilikuta wameshamfunga kidevu.

Siku ya arobaini yake nilisema mbele ya watu, "Mbwana, umeliua shamba, ukamalizia na mwenye shamba." Akanitazama. Akasema, "Kuanzia leo huna kaka." Tangu hapo salamu zetu zilipita kwa Zuhura, na baadaye hata hizo zikakatika.

Basi usingizi ukanichukua nikiwa na mambo yote hayo.

Nikajikuta shambani, jua la asubuhi, lile ambalo bado halijawa kali. Mbaazi zilikuwepo. Zote. Zimenipita kimo, zimechanua maua ya njano, nyuki wanavuma humo. Sikushangaa. Mbele yangu alikuwa anatembea Bibi. Nilimwona mgongo tu, ule mgongo wake ulioinamia kidogo upande wa kushoto, anapenya kati ya mistari bila kugusa tawi. Nikamwita. Hakugeuka. Naongeza mwendo, naye anaongeza, na majani makavu yanapukutika juu yetu. Begani kwangu yanatua. Begani kwake hayatui, yanapita.

Natazama chini nione ninapokanyaga. Majani hayapo tena. Chini ni kiduha kitupu, zambarau mpaka macho yanaishia, na kila ninapoinua mguu maua yananishika kifundoni, kwa wororo, kama mikono ya watoto wachanga. Ninajinasua. Ninapoinua uso, shamba halipo. Niko uani, kwenye nyumba yetu ya zamani, ya makuti.

Uani palikuwa na wanawake wanapura mbaazi. Niliwatambua. Alikuwepo Bi Mwanaidi jirani yetu, aliyefariki nikiwa msichana. Alikuwepo Mama Tunu, aliyefia uzazini. Na mmoja alikuwa ameinamisha kichwa, hakunyanyua uso hata kidogo, nikajua huyo ni mama yangu. Fimbo zilipanda, zikashuka, zikapanda, na sauti haikutoka. Nikasogea. Kwenye jamvi yalikuwa maganda matupu. Wanapura maganda matupu, wanayatia kwenye ungo, wanapepeta, upepo unachukua kila kitu, wanaanza tena. Hakuna aliyelalamika.

"Shikamooni," nikasema.

Hawakuitika.

Pembeni, kwenye mafiga, Bibi alikuwa anapika. Sasa nilimwona uso. Ulikuwa uso wake wa kabla ya ugonjwa, mashavu yake yamerudi. Chunguni mlikuwa na mbaazi za nazi, tui zito, harufu ile ya nyumbani ambayo nilikuwa sijainusa tangu mbaazi ziungue. Njaa ikanishika, njaa ambayo nikiwa macho sijapata kuijua. Nikachutama karibu yake kama nilipokuwa mdogo, nikanyoosha mkono.

Akanipiga mwiko wa vidole. Kwa nguvu.

"Chako hakijaiva," akasema.

Nikaurudisha mkono kifuani. Nilitaka kulia. Watu wa kwetu wanajua kwamba chakula cha marehemu hakiliwi ndotoni, nami nalijua hilo tangu utotoni, ila pale sikukumbuka kitu. Niliona tu kwamba Bibi wangu ananinyima.

Akapakua. Akapakua kwenye sinia kubwa, akalibeba mwenyewe mpaka upande wa pili wa ua, walikokaa wanaume. Nao nilijua ni watu waliotangulia, kwa jinsi walivyokaa bila kivuli. Walikuwa wamezunguka jamvi, wanangoja. Sinia likatua, mikono ikanyooshwa. Na katikati yao, mgongo wake kwangu, shati lake la buluu lililochanika begani, alikaa Mbwana.

Alikuwa na kivuli. Yeye peke yake.

Anakula. Anakula kama mtu aliyefunga mwezi mzima. Nikazunguka nimwone usoni. Kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa udongo, udongo wetu ule mwekundu. Anaufinyanga tonge, anautia mdomoni, anatafuna, chembe zinalia menoni, na mdomo wake umekuwa mwekundu mpaka kidevuni. Hakuniona.

Nikafurahi. Nasema ilivyokuwa. Furaha ilinipanda kutoka miguuni, nikaona, naam, haya ndiyo malipo, ale, aumalize wote, asibakize.

"Unacheka nini?"

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mwache ale, Bibi. Wewe ulikufa na hamu ya kunde."

Alinitazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa makali, yale macho ya alipotukuta tumemwaga mbegu.

"Nani alikwambia mimi ninamdai?"

Nikatazama chini. Ua ule umekwisha kuwa shamba tena, lakini shamba tupu, limepasuka nyufa, na wale watu wamekaa palepale juu ya nyufa na sinia lao. Bibi akachutama. Akaingiza mkono kwenye ufa mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, kama mkunga anayetafuta mguu wa mtoto. Alipoutoa alikuwa ameshika mzizi. Mzizi mrefu, mweusi, wa mbaazi zile zilizoungua. Akaupangusa kwa khanga yake. Akaukata kwa jino. Ndani ulikuwa unyevu.

"Imechoka," akasema. "Haikufa. Imechoka."

Halafu, kwa sauti ya chini, kama anaongea na ardhi yenyewe, "Aliyechoka hazikwi."

Nikasikia maneno yale yakinipita kama maji ya baridi. Nikaona chumba chake, kitanda chake, Mbwana mlangoni akisema mzee kachoka. Sijui kama na yeye Bibi alikuwa anayaona. Alikuwa anatazama sinia.

"Mwambie kaka yako ainuke pale," akasema. "Hiyo nafasi si yake."

"Mwambie wewe mwenyewe, Bibi. Si huyo hapo mbele yako?"

"Nimemwita. Kila siku namwita, mpaka koo limenikauka. Hasikii. Ana makelele ndani yake."

"Mimi naye hatusemeshani."

"Najua."

"Alisema mimi sina kaka."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi mtume mtu mwingine!" Nilipiga kelele, na wale wanawake kwa mara ya kwanza wakasimamisha fimbo hewani. "Mimi siendi, Bibi. Alikuacha ufe! Wewe unamhurumia nini?"

Bibi alinigeuzia mgongo, ule mgongo wake wa kuinamia kushoto, akarudi chunguni, akachochea moto. Ndivyo alivyokuwa akifanya alipokuwa hai, akikutuma jambo ukalikataa. Hakuwa na tabia ya kurudia.

Na Mbwana akamega tonge jingine. Kivuli chake kilikuwa kimepungua. Nilikiona kinavyofupika, kinarudi chini yake taratibu kama kivuli cha mti jua linapopanda, na wenzake wote walikuwa wanakitazama, wanangoja kiishe.

Nikafungua mdomo nimwite. Sauti haikutoka.

Niliamka nimeshika khanga kwa meno. Mwadhini alikuwa anaadhini alfajiri. Vidole vya mkono wangu wa kulia vilikuwa vinauma kabisa, ingawa nilipovitazama havikuwa na alama. Baba Asha, mume wangu, alikuwa ameshaketi kitandani ananiangalia.

"Ulikuwa unamwita nani?" akaniuliza.

Nikamsimulia nusu. Akanyanyua mkono. "Ndoto mbaya haisimuliwi, Mama Asha. Tema mate kushoto, ujikinge kwa Mola, ugeuke ubavu."

"Nimetumwa," nikamwambia.

"Kwa nani?"

"Kwa Mbwana."

Akaushusha mkono. Yeye ndiye aliyekuwa amenizuia mara nyingi nisiende kule kugombana. Akasema tu, "Basi nenda kabla jua halijapanda."

Njiani niliomba nimkute hayupo. Sikuwa nimemsamehe, na ndoto haikunisamehesha. Nilikuwa nimebeba maneno ya Bibi kama unavyobeba kaa la moto kwenye kigae, unataka ufike ulitue, basi.

Walikuwa wameshaanza. Niliwasikia kabla sijawaona. Kwenye kona ya chini ya shamba, vijana wa yule mtu wa matofali walikuwa wamevua mashati wanachimba, na shimo lilikuwa limeshawafika mapajani. Udongo wa juu wameusukuma pembeni kama takataka. Vibao vya kufyatulia vilikuwa vimepangwa kwenye nyasi. Mbwana alikuwa amekaa chini peke yake, kwenye ukingo wa shamba, magoti kifuani. Alikuwa amekonda. Nilimwona shingo, nikashtuka.

"Shikamoo, kaka."

Lile neno lilinitoka lenyewe. Aligeuka taratibu kama aliyeitwa kutoka mbali.

"Marahaba." Kisha akasema, "Kama umekuja kunitukana, tukana. Watu wapo, watasikia."

"Sikuja kutukana. Bibi amenituma."

Hakucheka. Nilitarajia acheke. Alinitazama mdomo, akasubiri.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa kifupi na kwa ukali, kwa sababu nilijua nikilegeza sauti nitalia, na sikutaka anione nalia. Nikamwambia alivyokuwa amekaa na marehemu, na alichokuwa anakula. Nikamwambia Bibi amesema ardhi haikufa, imechoka, na aliyechoka hazikwi. Hapo akafumba macho. Nikamwambia amesema uinuke, hiyo nafasi si yako.

Majembe yalikuwa yanaendelea kule chini, moja likipiga, jingine linaitikia.

"Mimi hanijii," Mbwana akasema.

"Nini?"

"Bibi. Hanijii." Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Nimehamia chumbani kwake, Hawa. Zuhura hajakwambia? Nalala kwenye kitanda chake. Nasema labda leo atakuja, hata kunilaani, anilaani tu. Naamka hakuna kitu. Wewe uko kijiji cha pili, umeolewa, unalala na mumeo, anakufuata huko. Mimi niliyemo chumbani mwake hanijii."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Yalikuwa yamenikaa kifuani tangu siku ile niliyorudi na kunde mkononi, nilikuwa nimeyanoa. Nikayatafuta, sikuyaona.

"Anakuja," nikamwambia. "Amesema anakuita kila siku. Wewe ndiye husikii."

Aliokota bonge la udongo, akalivunja kwa kidole gumba, akalitazama ndani.

"Alikuwa amekasirika?" akaniuliza.

"Sana. Na mimi amenipiga mwiko."

Akatikisa kichwa, kidogo, kama mtu anayeikubali habari aliyokuwa anaishuku.

"Basi ndiye," akasema.

Akaweka kiganja chini, akajisukuma. Magoti yalimkatalia mara ya kwanza. Sikumpa mkono, wala yeye hakuuomba. Akajisukuma tena, akainuka, akaanza kushuka mteremko kuelekea shimoni, anayumba, mkono mmoja juu, anawapigia wale vijana kelele za kuwataka waache. Mmoja akauliza kwani vipi, mzee, si tumeshapatana? Sikusikia alichomjibu. Nilisikia jembe la kwanza likinyamaza, halafu la pili.